Usiiloweke hiyo Faustina kwenye siki!

Weka hiyo siki chini, mkuu. Umeandika kwamba umepata sestertius, sarafu ya Kirumi, ya Faustina Mkubwa, mke wa kaisari Antoninus Pius, unataka kuilaza kwenye siki na chumvi usiku kucha, uisugue kwa brashi ya waya, ndipo utuulize mungu wa kike aliye nyuma ni nani, ni halisi au feki, na uiuze wapi. Hayo mengine yasubiri!

Mimi nilikuwa nayo kama hiyo: mbele DIVA FAVSTINA (yaani Faustina wa kimungu), nyuma Ceres, mungu wa kike wa nafaka, na masuke yake ya ngano. Aliyeniuzia alinihakikishia kwamba sarafu iking'aa ndiyo hupata mnunuzi. Mtu anaishi kwa kuuza vitu vya kale, halafu anamfundisha mteja namna ya kuviharibu! Mpaka leo nikimkumbuka napandwa na hasira.

Sestertius ni mchanganyiko wa shaba na zinki. Huo ukijani unaouona si uchafu. Ni shaba yenyewe iliyogeuka polepole ardhini, na mara nyingi mistari midogo ya mchoro imebaki ndani ya utando huo, si kwenye metali ya chini. Siki inaula utando, na chumvi inapenyeza kloridi, ambayo ndiyo chanzo cha ugonjwa wa shaba, kutu inayoendelea kuila sarafu. Faustina anatambulika kwa misuko yake iliyozungushwa utosini. Kwenye sarafu yangu ungeweza kuihesabu. Nikailaza kwenye siki na chumvi, na asubuhi nilikuta kichwa laini kama kokoto, metali ya waridi yenye vishimo, na Ceres hana uso. Kitu kilichopigwa enzi za Antoninus Pius, kikakaa ardhini zaidi ya miaka 1,800, kikaishia kwenye bakuli la jikoni. Hakuna dawa ya kurudisha utando ule.

Kwa hiyo: maji yaliyokenekwa tu, wala si ya bomba, na kijiti laini cha mbao. Udongo usipotoka, uache. Ukiona unga wa kijani kibichi hafifu unaokwanguka kwa kucha, huo ndio ugonjwa wenyewe; itenge na sarafu nyingine, iweke pakavu, umtafute mtaalamu wa uhifadhi.

Na kama umeshaitumbukiza, itoe sasa hivi. Iloweke kwenye maji yaliyokenekwa, uyabadilishe mara kwa mara, kisha uikaushe kabisa. Brashi ya waya usiiguse. Jibu hapa ukishaitoa.