Shangazi, nikienda kwa mnasihi baba yangu atajua?

*Shangazi nakusalimu. Mimi ni kijana wa Koboko, nasoma uhandisi mwaka wa pili Makerere na nimepanga hosteli ya Kikoni. Tangu muhula huu uanze usingizi umenihama. Nikilala saa sita, saa tisa niko macho, moyo unanidunda kama mtu aliyekimbizwa. Chakula hakipiti. Duka la dawa la Wandegeya wamenitibu maleria mara mbili na taifodi mara moja, pesa ya matumizi imeisha na hali ni ile ile. Siku hizi naruka masomo na simu za nyumbani sipokei. Mwenzangu wa chumbani anasema niende kwa wanasihi wa chuo. Naogopa. Baba aliuza ng'ombe ili nisome, akisikia nimeonekana huko atasema nimerogwa au navuta bangi. Je, si watanipeleka Butabika, hospitali ya wagonjwa wa akili? Na jina langu likishaandikwa kule, kuna mtu atanipa kazi?*
*Kijana wa Kikoni*

Mwanangu, nianze na hofu ya baba, maana ndiyo iliyokufunga miguu. Mnasihi hampigii mzazi simu. Umeshapita miaka 18, wewe ni mtu mzima mbele ya sheria, na unachosema ndani ya chumba kile ni chako. Matokeo yako ya mtihani yana masomo na alama tu. Mwajiri hataona humo kwamba uliwahi kukosa usingizi. Siri hiyo ina mipaka michache, na ni haki yako kuijua kabla hujafungua mdomo: ukiwa katika hatari ya kujiua, ukiwa na nia ya kumdhuru mwingine, au mahakama ikiamuru. Ukikaa tu, uliza wewe mwenyewe: "Nikikwambia jambo, nani mwingine atalijua?" Mnasihi mzuri atakujibu waziwazi wala hatakasirika.

Sasa hiyo maleria. Nilikuwa muuguzi katika zahanati ya chuo kwa miaka mingi kabla ya kupewa safu hii, na barua yako ningeweza kuiandika mimi, kwa jinsi nilivyowaona vijana wa namna yako wakiingia na mfuko wa dawa mkononi. Dawa ya mseto nusu imeliwa, sipro ya taifodi imebaki vidonge vinne, na juu yake vitamini ambazo muuzaji ameongeza. Je, ulipimwa damu kweli, au uliulizwa tu kama mwili unauma? Hata kile kipimo cha taifodi kinachofanywa kwa haraka madukani, kile cha Widal, kinaweza kusema ndiyo kwa sababu ya ugonjwa uliopona zamani. Watu wengi wanameza dawa za taifodi wasiyokuwa nayo.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni hospitali ya chuo. Waeleze kila kitu, si kichwa peke yake: usingizi, moyo, chakula, masomo unayoruka, simu usizopokea. Wakupime maleria kwa kipimo, waangalie kama damu imepungua, na tezi ya shingoni pia, kwa sababu ikifanya kazi kupita kiasi nayo huharakisha moyo na kufukuza usingizi. Wakikuta mwili uko sawa, usione umepoteza muda. Hapo ndipo daktari anapoanza kufikiria sonona au wasiwasi uliopitiliza. Magonjwa hayo yana dalili zake na yana tiba, na mwenye kukuambia unayo au huna ni yule aliyekaa nawe akakuuliza, si mimi kwa barua.

Zahanati ilinifundisha jambo moja kuhusu wanafunzi. Tumbo na kichwa vilikuwa tikiti ya kuingilia. Mtu anaeleza tumbo, anapimwa, anapewa dawa, anaaga. Akishashika kitasa cha mlango ndipo anageuka: "Sista, na kuna kitu kingine." Hicho kingine ndicho kilichomleta. Nakuomba wewe ukianze hicho ukiwa bado kwenye kiti, maana nje kuna foleni na muuguzi aliyechoka anaweza asikusikie.

Kwa mnasihi mambo ni rahisi kuliko unavyodhani. Kituo cha unasihi cha Makerere ni cha wanafunzi wote, na ukifika hudaiwi pesa. Utaulizwa jina, namba ya usajili, kozi. Kisha mlango unafungwa na mnaongea kama saa moja. Siku ya kwanza wengine hulia tu, wengine hukaa kimya wakitazama viatu vyao, na yote hayo yanakubalika. Huenda akakupa karatasi yenye maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita: usingizi, hamu ya kula, nguvu, mawazo ya kufa. Jibu kweli tupu. Kwa kawaida mtaonana tena baada ya wiki moja, na tena. Ikihitajika dawa, mnasihi haandiki dawa, atakutuma kwa daktari. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla hujaona nafuu, kwa hiyo usizitupe siku ya nne ukisema hazifanyi kazi. Na usiziache ghafla ukishapata nafuu.

Butabika. Hospitali ile ilifunguliwa mwaka 1955 na tumelelewa tukitishiwa nayo, ndiyo maana jina lake linakutetemesha. Lakini ina kliniki ya nje ambako watu huja asubuhi, wakaonana na daktari, wakarudi kazini kwao. Kulazwa ni kwa yule ambaye hali yake inahitaji kulazwa. Tangu 2018 hapa Uganda tuna Sheria ya Afya ya Akili mpya iliyoondoa ile ya zamani ya enzi za mkoloni, na inatambua kwamba mgonjwa anaweza kuingia kwa hiari yake na kwamba ana haki zake. Kijana asiyelala hafungwi kamba akapelekwa huko.

Kuna kitu ambacho kinaniuma nikikikumbuka. Wanafunzi waliokuwa wagonjwa kweli walikuwa wakija kutafuta cheti cha daktari baada ya matokeo kutoka, wakati mlango umeshafungwa. Kama hali haijatulia mitihani ikikaribia, peleka karatasi ya hospitali kwa wakuu wa kitivo chako KABLA ya kuingia chumba cha mtihani, uulize utaratibu wa kuahirisha muhula au mwaka. Kuahirisha kunachelewesha mahafali. Kufeli masomo sita kunachelewesha zaidi, tena kunagharimu ng'ombe mwingine.

Punguza vinywaji vya kukesha, na kama unatafuna mairungi ili usome, mwambie daktari bila aibu. Vyote viwili vinakimbiza moyo. Na kama saa tisa ile mawazo ya kujimaliza yanakujia, usingoje Jumatatu. Mwamshe mwenzako wa chumbani mwende hospitali ya Mulago usiku huohuo, ni kilima cha jirani tu na dharura hawafungi. Huyo mwenzako ana utu, mshukuru.

Baba utamwambia ukiwa tayari. Ukitaka, mnasihi anaweza kukusaidia kupanga maneno. Ila leo jioni pokea simu yake, hata kama ni kumsalimu tu.

*Shangazi, mimi ni Mtanzania kutoka Mwanza, nasoma Kansanga. Jana usiku kondomu ilipasuka. Hali yake mwenzangu siijui. Zahanati ya chuo naona aibu, kuna dada wa kwetu anafanya kazi pale. Nifanye nini?*
*Binti wa Kansanga*

Binti yangu, wewe nilikujibu kwa simu siku ileile, nachapisha ili wenzako wajue mapema. Hapa saa zinahesabiwa. Dawa za kukinga VVU baada ya tukio zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa unayowahi ni faida. Unazimeza siku 28 bila kuruka. Kwanza unapimwa, kwa sababu aliyekwisha kuambukizwa tiba yake ni nyingine. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba navyo viwahi. Vinafanya kazi vizuri zaidi ndani ya siku 3, na vinauzwa kwenye famasi.

Kwa dada yule, naelewa. Yeye amefungwa na kiapo cha kazi kama sisi wote, lakini kama uso wake utakufanya ugeuke mlangoni, usiende pale. Kituo cha afya cha Kisugu, cha mamlaka ya jiji la Kampala, hakiko mbali na Kansanga, na huduma za VVU katika vituo vya serikali hazilipiwi. Beba kitambulisho cha chuo. Sema maneno haya tu: "Kondomu ilipasuka jana, nahitaji dawa za kinga." Wakikwambia zimeisha, usirudi hosteli, waulize kituo gani cha karibu kinazo, nenda hukohuko. Mwenzako naye akapime. Baada ya dawa rudi kupimwa tena, na tena baada ya miezi 3.

*Asalaam alaykum. Mimi ni mzee wa Bombo. Binti yangu yuko chuo mwaka wa tatu. Niliona karatasi ya hospitali kwenye mkoba wake, nikapiga simu chuoni kuuliza anaumwa nini. Wakakataa kuniambia. Karo nalipa mimi! Hii ni haki kweli?*
*Mzazi*

Waalaykum salaam, mzee wangu. Uchungu wako ni wa baba anayependa, na sitaupuuza. Lakini aliyekukatalia alifanya kazi yake. Binti ni mtu mzima, na Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa miongoni mwa zile zinazolindwa zaidi. Kulipa karo hakufungui faili la hospitali. Siku wanafunzi wakijua kwamba wazazi wanaambiwa, hawatakwenda tena, na wa kwanza kuumia atakuwa binti yako.

Kwa hiyo muulize yeye, lakini si kwa simu na si mbele ya ndugu zake. Mtumie nauli aje wikiendi moja. Ale, apumzike, akae na mama yake. Kisha mwambie: "Niliona karatasi ya hospitali. Sitakugombeza. Ukitaka nijue, nipo." Mkoba wake usiufungue tena.