Usiende hospitali na hasira kabla ya karatasi

Miezi saba baada ya kujifungua kwa upasuaji, bado nilikuwa natembea Ngamiani, hapa Tanga, nimeshika tumbo. Mama mkwe alinikanda, shoga zangu wakasema ni chango, zahanati wakanipa dawa ya minyoo, kisha ya UTI. Hospitali ya pili ndiyo iliyonipiga picha na kunifungua tena. Ndani kulikuwa na kipande cha gozi, kile kitambaa cha kufutia damu, kilichosahauliwa tangu upasuaji wa kwanza.

Wengi waliokuja kunipa pole walisema nimshukuru Mungu nipo hai. Namshukuru, tena kila siku. Ila gharama za upasuaji wa pili tulizilipa kwa kuuza pikipiki ya mume wangu, na hilo si jambo la kunyamaziwa.

Hapo ndipo tulipokosea. Kesho yake asubuhi mume wangu alikwenda hospitali ile ya kwanza, ya watu binafsi, akagombana hadi mapokezi. Jumatatu tulipoomba faili, tukaambiwa halionekani. Kwa hiyo ndugu yangu unayesoma, hata kama moyo unawaka, tangulia kuomba karatasi. Andika barua ya kuomba nakala ya faili lako, ipeleke na nakala yake, na ile inayobaki kwako igongwe muhuri wa kupokelewa. Daktari wa pili akikueleza alichokikuta kwa mdomo tu, mwombe akiandike na kutia saini kabla hujaruhusiwa. Mimi niliokolewa na karatasi ya ruhusa ya kwanza, niliyokuwa nimeiweka pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto, na ripoti ya upasuaji wa pili. Bila hizo mbili ningebaki na kovu na maneno.

Watu wengi pia huchanganya milango. Baraza la Madaktari Tanganyika linapokea malalamiko dhidi ya daktari na linaweza kumwadhibu, hata kumfutia usajili. Muuguzi au mkunga ana baraza lake. Lakini fidia ya fedha unaidai mahakamani, au mnapatana nje. Unaweza kugonga milango yote miwili, ila usikae ukingoja jibu la baraza huku muda wa mahakama unakwisha. Madai ya uzembe wa namna hii yana ukomo wa miaka 3. Hesabu tangu siku ya upasuaji wenyewe, usijipe moyo kwamba utahesabiwa tangu siku uliyogundua. Kama ni hospitali ya serikali, kuna notisi ya siku 90 ya kusudio la kushtaki unayotakiwa kuitoa kwanza, nakala yake iende kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ndipo ufungue shauri Mahakama Kuu. Siku hizo 90 zipigie hesabu mapema.

Utaambiwa pia kwamba ulisaini fomu ya ridhaa. Ni kweli nilisaini. Niliridhia kupasuliwa, sikuridhia kusahauliwa kitu tumboni.

Halafu ikaja bahasha. Mtu mpole sana kutoka hospitali ile ya kwanza alifika nyumbani jioni na fedha kidogo pamoja na karatasi ya kusaini kwamba sina madai tena. Mume wangu alikuwa tayari, maana ada za shule zilikuwa zinadaiwa. Nilimwomba tulale nayo usiku mmoja. Asubuhi nikaipeleka kwa wasaidizi wa kisheria, wale wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambao hawamtozi mtu asiye na uwezo. Dada aliyenipokea aliisoma mara mbili, akaniunganisha na wakili. Mwishowe tulipatana nje ya mahakama, kwa kiasi kilichorudisha gharama zote za upasuaji wa pili na kubakiza kitu.

Kwa mtoto aliyepata shida baada ya chanjo, njia inaanzia kwingine: rudi kituoni na kadi, taja tarehe na dalili, omba taarifa ipelekwe TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Taarifa hiyo haikulipi fidia, lakini inabaki kwenye kumbukumbu, na chanjo nyingine za mtoto ziendelee kwa ushauri wa daktari.

Kama lako limetokea mwaka juzi na bado unajishauri, toa karatasi sandukuni leo, na wiki hii umwone msaidizi wa kisheria.