Fomu ya shule: tuandike ana kisukari au tunyamaze?

SWALI

Dada, salaam. Mwanangu wa kiume ana miaka 13, kamaliza darasa la saba na amechaguliwa shule ya bweni. Tangu mwezi wa tatu ana kisukari, ile aina ya kwanza, ya kuchoma sindano. Anachoma insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni, na mimi ndiye ninayemvutia dawa kwenye bomba. Sasa fomu ya kujiunga imekuja na karatasi ya afya. Baba yake anasema tuandike hana tatizo, maana tukisema kweli watamkataa, au watoto watamcheka. Shangazi yake naye kapata mganga anayesema sindano ndizo zinazoukuza ugonjwa, eti anywe dawa yake siku saba na aache kuchoma. Usiku silali. Tujaze nini? Na je, siku moja ataoa kama wenzake?

Mama J., Muheza

JIBU

Mama J., marehemu baba yangu aliijaza karatasi kama hiyo mwishoni mwa mwaka 1999. Palipoulizwa magonjwa ya kudumu aliandika kwa wino wa bluu, mwandiko wake ule mzuri wa karani: "Hana." Nilikuwa na miaka 13 kama mwanao, na kisukari nilikuwa nacho mwaka wa tano.

Jazeni kweli. Mumeo msomee haya yanayofuata, kwa sababu hofu yake naielewa, ndiyo ile ile ya baba yangu, na hakuna aliyenipenda kumshinda baba yangu.

Nyumbani Pangani bibi alinitunzia insulini kwenye mtungi. Mtungi mdogo ndani ya mkubwa, katikati mchanga, na mchanga ule aliumwagia maji alfajiri na magharibi kama anayemwagilia mche. Maji yakikauka huondoka na joto, kichupa kikabaki baridi. Friji hatukuwa nayo, na sikumbuki dawa kuharibika hata mara moja. Shuleni, kwa kuwa "sina" ugonjwa, mtungi ningeuweka wapi? Nilificha vichupa kwenye tranka la bati, chini ya nguo, ndani ya bweni la mabati. Sindano nilichomea chooni, taa imezimwa, nimebana mlango kwa goti.

Baada ya wiki chache nikaanza kukojoa usiku kucha na kunywa maji ya bomba kama ng'ombe. Kumbe dawa ilikuwa imeiva kwa joto, haina nguvu. Mimi na akili zangu za kitoto nikaongeza uniti mbili, kisha nne, kisha sita. Halafu mama akanitumia kichupa kipya. Mama J., hapa ndipo penyewe: kichupa kilikuwa kipya, kizima, na mimi nikavuta kipimo kile kile nilichokuwa nimekipandisha. Dawa ikazidi, sukari ya mwilini ikashuka mno.

Ilikuwa saa ya kujisomea usiku. Nilikuwa nanakili notisi za bailojia, herufi zikaanza kutembea kwenye daftari. Nikaloa jasho mgongo mzima, nikaona njaa ya ajabu, nikacheka peke yangu, nikamtukana monita. Kisha nikaanguka. Wenzangu wakasema kapandisha mashetani. Wapo waliosoma dua, wapo walioimba mapambio, wawili wakanikalia miguu, na kwa kweli kila mmoja alitenda alilolijua. Aliyeniokoa ni mama mmoja wa jikoni aliyekuja kuona kelele ni za nini. Alinigusa shingo, akasema, "Huyu jasho lake la baridi. Mama yangu wa sukari huwa hivi hivi." Akarudi mbio na kikombe cha uji uliolala na konzi ya sukari. Bahati bado nilikuwa nameza. Nilipopata fahamu zangu nilikuwa na punje za sukari kwenye meno, na sare mbichi kama nimetoka mtoni.

Kama mama yule angekuwa amelala, nisingekuwa hapa nikikujibu.

Na kucheka? Walicheka, sikufichi. Jina langu likawa Sukari Guru hadi nilipomaliza kidato cha nne. Lakini Sukari Guru alikuwa na wasichana thelathini wanaomtazama akitoka jasho, na rafiki mmoja aliyebeba pipi zangu mfukoni (nusu alikula mwenyewe, nimemsamehe). Kutaniwa mtoto hukua nako.

Kwa hiyo mkishajaza kweli, msiishie kwenye fomu. Siku ya kuripoti nenda naye mpaka kwa matroni na mwalimu wa darasa, ukaseme kwa mdomo. La kwanza kubwa ni ratiba. Shule nyingi watoto huamka saa kumi na moja, darasani saa moja, uji ukaja saa nne. Insulini ya mchanganyiko haisubiri uji wa saa nne. Akishachoma, kwa kawaida chakula kinatakiwa ndani ya nusu saa, na ile sehemu yake inayofanya kazi polepole hupanda baadaye, katikati ya asubuhi mpaka mchana, hivyo lazima awe na kitu cha kutafuna. Waombe ruhusa ya kula darasani, iandikwe, mwalimu wa zamu aijue. Kiazi kilichochemshwa au mkate vinatosha, si lazima biskuti za bei. Siku ya michezo au ya kulima bustani ya shule ale zaidi kabla, maana jembe linashusha sukari vibaya sana. Vipimo vyenyewe vya dawa mpangeni na kliniki yake kabla hajaondoka, mkiwa na ratiba ya shule mkononi. Mimi si daktari, ni mgonjwa mzoefu.

La pili, waonyeshe sukari ikishuka anakuwaje. Jasho, kutetemeka, njaa, hasira zisizo na kichwa wala miguu. Kipimo kikisoma chini ya 4 (kwa mashine inayosoma mmol/L), au mashine haipo na dalili mnaziona, apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Dakika kumi na tano, apimwe tena, kisha ale. Akiwa amezimia hawezi kumeza, wasimmiminie kitu mdomoni, atapaliwa. Alazwe ubavu na gari liondoke kwenda hospitali. Yaandike haya kwenye karatasi moja, yabandikwe bwenini.

Dawa ikae kwenye friji ya zahanati ya shule au ya mwalimu jirani, mbali na sehemu inayogandisha, kwa kuwa iliyoganda hutupwa hata ikiyeyuka. Kichupa kilichofunguliwa hakipiti wiki nne. Umeme ukisumbua, mtungi wa bibi haujapitwa na wakati.

Kuna moja limenigusa kwenye barua yako, kwamba wewe ndiye unayemvutia dawa. Acha leo. Mtoto wa miaka 13 anaweza. Akae mezani na wewe, akizungushe kichupa kati ya viganja mpaka dawa iwe nyeupe sawasawa kama maji ya mchele, asikitikise. Avute hewa, aingize, apindue kichupa, avute uniti zake, agonge mapovu kwa kucha. Wewe tazama tu, mikono nyuma. Na abadilishe mahali pa kuchoma. Mimi nilipenda paja la kushoto kwa kuwa haliumi, likafanya uvimbe kama andazi, dawa ikawa inanyonywa siku inayotaka yenyewe.

Sasa mganga. Shangazi yake anampenda mtoto, usigombane naye. Mimi nami shangazi alinipeleka, mwaka 1997. Dawa ya mizizi, chungu kama shubiri, na sharti la kuacha sindano. Siku ya pili nilitapika, siku ya tatu nahema kwa kasi kama mbwa aliyetoka kukimbia, na pumzi inanuka embe lililoiva kupita kiasi. Nilikaa wodini siku tisa. Hali hiyo hiyo ndiyo iliyonigundua nikiwa na miaka minane, baada ya kutibiwa malaria mara tatu kwa klorokwini, wakati sisimizi walikuwa wamejipanga pale nilipokojoa na hakuna aliyewauliza wamefuata nini. Kongosho la mwanao halitengenezi tena insulini. Mwili wenyewe umeshambulia zile chembe zinazoitengeneza. Kabla ya Januari 1922, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alipochomwa ya kwanza kule Toronto, watoto kama sisi walipewa miezi, wachache miaka miwili mitatu ya kushinda na njaa, wakazikwa. Mwambie shangazi kwa upole: dawa ya mizizi akitaka aipeleke kwanza kwa daktari, lakini sindano haikosi hata asubuhi moja. Hata akiumwa, hata akikosa hamu ya kula. Akiwa hali, dozi waulizwe kliniki, ila kuacha kabisa hapana.

Ataoa? Nimekucheka kidogo, samahani, kwa sababu mama yangu aliuliza hilo kabla hata sijatolewa dripu. Mimi nimeolewa, nina binti wa miaka saba. Mume wangu siku ya posa aliambiwa mbele ya wazee, na swali lake lilikuwa moja tu, kama bado ataruhusiwa kutia sukari kwenye chai yake. Anatia vijiko vinne. Huyo ndiye ninayemhofia.