Siku nne kwa mtumbwi kutokea Dodoma: nenda Mtera, na mwachie mvuvi apange saa

Mkuu, umesema mko watano, mnakaa Dodoma mjini, mna siku nne mwishoni mwa mwezi wa saba, na mnataka kusafiri kwa mtumbwi mtoni huku mkilala porini. Umetaja mito ya Kizigo na Ruaha, na umeuliza kama mdogo wako wa kike, mmoja wa hao watano, asiyejua kuogelea, anaweza kuja. Safari ya namna hiyo nimeifanya mara mbili, mara ya kwanza vibaya na ya pili vizuri, kwa hiyo vumilia urefu wa jibu.

Kizigo uondoe kwanza. Mito yetu ya huku ni ya msimu. Mvua zinaanza Desemba, Aprili zimekwisha, na ukifika mwezi wa saba unakuta mchanga mweupe na madimbwi ambayo ng'ombe wanayagombania. Mtumbwi mtaubeba nyie. Ruaha Mkuu chini ya ukuta wa bwawa la Mtera nao usiufikirie kabisa. Kati ya Mtera na Kidatu mto unashuka zaidi ya mita 200, unapita kwenye magenge na mawe, na maji yake yanapanda na kupungua kwa kufuata mitambo ya umeme. Ukipanda juu sana upande wa Iringa unakaribia hifadhi, na huko hakuingiliki bila kibali. Kinachobaki ni bwawa la Mtera lenyewe pamoja na midomo ya mito inayoingia humo, na kwa siku nne hakuna mahali karibu na Dodoma ninapopapenda zaidi. Ni mwendo wa saa mbili hivi kwa barabara ya lami ya kwenda Iringa, mnapita Fufu, mnashuka bondeni, joto linabadilika.

Watu wengi huiona Mtera kupitia dirisha la basi tu, wakinunua samaki, basi. Bwawa lilijengwa ili mitambo ya umeme ya Kidatu isikose maji kiangazi, baadaye likafungwa mitambo yake yenyewe ya megawati 80. Maji yalifunika bonde ambako Kizigo unakutana na Ruaha Mkuu, na miti iliyokuwa humo ilifia ikiwa wima. Mpaka leo, zaidi ya miaka 40, mingi bado imesimama. Alfajiri, maji yakiwa yametulia, kila mti mkavu una mwenzake amesimama kichwa chini, na juu yake mnandi wametandaza mbawa zao zikauke. Unapita katikati yao kwa kasia, hakuna sauti isipokuwa matone. Hiyo ndiyo sababu nakuandikia yote haya.

Sasa sikia jambo lenyewe. Mtera hupangiwi na ramani, unapangiwa na upepo. Kiangazi unakuja kutoka kusini-mashariki, asubuhi umelala, ukikaribia mchana unaamka, na jioni unachoka. Safari yetu ya kwanza tuliipanga kama ya basi: siku ya kwanza tufike hapa, ya pili tuvuke kule. Siku ya pili tukachelewa kukunja hema, tukaondoka nchi kavu saa nne na nusu asubuhi, tukijiambia ni kilomita sita tu. Saa sita tulikuwa katikati na upepo umeshashika. Mawimbi ya pale ni mafupi na yamekaribiana, mtumbwi haujamaliza kupanda la kwanza, la pili limeshamwaga ndani. Mwenzangu aliacha kasia akawa anachota maji kwa sufuria ya ugali, hakupumzika karibu saa nzima. Unga wote uliloa. Tulipona kwa sababu tulifika kwenye kundi la miti mikavu, tukafunga kamba kwenye mti mmoja, na tukakaa pale tukitikiswa hadi jua lilipoelekea kuzama. Hatukuwa na mwenyeji. Mtumbwi tulikuwa tumeukodi peke yake, tukaona kumlipa mvuvi ni gharama ya bure.

Mara ya pili nilianza na mvuvi, ndipo nikazungumzia njia. Nenda mwaloni, wanakotua wavuvi, siku moja kabla, upande wa Mtera au vuka uende Migoli. Jitambulishe kwa serikali ya kijiji na kwa viongozi wa kikundi cha wavuvi, BMU, uwaeleze kwamba hamji kuvua. Salamu inafungua mlango: upande wetu wa Wagogo sema "mbukwa", ng'ambo kwa Wahehe sema "kamwene", uone sura zinavyobadilika. Waulize nani anaujua mdomo wa Kizigo na nani anaujua wa Ruaha, kwa sababu mara nyingi si mtu mmoja. Mlipe kwa siku, na malipo yafidie samaki ambao angewapata kama angetega nyavu zake usiku ule. Nyie watano chukueni mitumbwi miwili ya mbao na wavuvi wawili. Kabla ya kulipa, ukague mtumbwi ukiwa umepakiwa majini, usiukague ukiwa mtupu ufukweni. Maungio yanayovuja huonekana baada ya robo saa ya uzito.

Mzee wetu, yule mvuvi, alituamsha saa kumi alfajiri. Saa kumi na moja tulikuwa majini, saa nne mitumbwi iko juu. Kwa mwendo huo mtumbwi wenye mzigo unakwenda kama kilomita nne kwa saa, kwa hiyo hesabu kilomita 15 hadi 20 kwa siku, usiongeze. Mchana wote ni wenu: kulala chini ya mbuyu, kutazama mwari wakivua kwa kundi, kupika taratibu. Nilidhani tungechoshwa na kukaa. Siku ya tatu hakuna aliyekuwa anauliza saa ngapi.

Ramani ya simu isikudanganye. Bwawa likijaa, maji yanafika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kiwango cha chini cha kuendeshea mitambo ni mita 690. Tofauti ya mita nane na nusu unaiona ndogo, lakini ardhi pale ni bapa, hivyo ufuko unahama kilomita kadhaa. Tulikuwa na sehemu ya kulala tuliyoichagua kwenye picha ya setilaiti, na tulipofika, kati yetu na nchi kavu kulikuwa na tope la kufika magotini na mabua ya mahindi ya watu waliolima maji yalipojiondoa. Mzee hakuitazama simu yangu hata mara moja. Alitazama mahali mitumbwi ya wengine imelala.

Viboko na mamba wapo, usikubali mtu akwambie walishakwisha. Kiboko akishtuka anakimbilia kina, kwa hiyo mtumbwi upite upande wa maji mafupi, usikae kati yake na kina. Karibu na mdomo wa Kizigo mzee aliinua mkono, sote tukaacha kasia. Aligeuza la kwake akagonga ubavu wa mtumbwi kwa mpini, ko, ko, ko, kisha akangoja. Akagonga tena. Kama hatua 80 mbele yetu maji yalichemka kidogo, vikatokea vichwa vinne, masikio yakizunguka na kurusha matone. "Nimewapigia hodi," akasema. Tulikaa vile mpaka wote wakasogea upande wa kina, ndipo tukapita, tena kwa mzunguko mrefu. Usiku viboko hutoka kula majani, kwa hiyo hema lisikae kwenye nyasi zilizokatwa fupi kama zimefyekwa wala kwenye njia yenye mifereji miwili inayoelekea majini. Hiyo ni barabara yao. Sisi tulilala zaidi ya hatua mia kutoka majini, mahali palipoinuka.

Kwa ajili ya mamba, hakuna kuoga bwawani wala kunawa ukingoni, hata kidogo. Maji chota kwa ndoo yenye kamba ndefu, na usichotee sehemu ileile kila siku. Kichocho nacho kinaambukizwa na maji yaliyotulia kama hayo, sababu nyingine ya kukaa nje ya maji. Ya kunywa chemsha au tia dawa. Chandarua kisisahaulike.

Vifaa vingi mnavyo nyumbani. Kilichotufaa kuliko vyote ni ndoo za rangi za lita 20 zenye mfuniko wa kubana: unga kwenye moja, blanketi na nguo kwenye nyingine, simu na kiberiti kwenye mfuko wa nailoni ndani ya ile ya nguo. Zifungeni kwenye mtumbwi, na ikitokea mmepinduka zinaelea. Turubai, panga, tochi za kichwani, kopo kubwa la kutolea maji kwa kila mtumbwi, na kasia moja la akiba. Mwezi wa saba alfajiri kuna baridi majini, beba sweta. Chakula msibebe kingi. Unga, mafuta, chumvi, karanga, mlenda mkavu kutoka soko la Majengo, na zabibu kavu za kutafuna mkipiga kasia. Perege mtanunua kwa wavuvi wanaotoka kutegua nyavu, bado wanarukaruka. Mzee aliwabanika kwa moto wa kuni bila kitu zaidi ya chumvi, nikala wanne.

Ukutani kwenye bwawa na kwenye mitambo msipige picha wala msikaribie kwa mtumbwi.

Kuhusu mdogo wako: aje. Mke wangu hajui kuogelea na alikuja safari ya pili. Masharti yalikuwa jaketi okozi la kumtosha, limefungwa kamba zote tangu anakanyaga mtumbwi hadi anashuka, na akae katikati, chini, si juu ya ubao. Jaketi livaliwe na wote, hata wavuvi, kwa hiyo bebeni saba. Tuliazima ya kwetu Dodoma, na kila moja tulilijaribu kwa kumnyanyua mtu kwa mabega ya jaketi tuone kama linampanda usoni. Kama linampanda, ni kubwa mno. Mke wangu alipewa kopo la kutolea maji, akaifanya kazi hiyo kwa makini mno mpaka mzee akamwomba aje tena mwaka unaofuata. Ukipata tarehe kamili niandikie, nitakuelekeza mwalo tuliotokea na namna ya kumpata mzee, kama atakuwa hajaenda kambini.