Kabla Hujaandika Historia ya Kituo cha Mtaa Wako

Msomaji mmoja wa Pongwe ameniuliza aanzie wapi kuandika historia ya kituo cha huduma za jamii cha mtaani kwao, kwa kuwa amesikia kwamba ya kituo chetu hapa Ngamiani, Tanga, niliiandika mimi. Nimefurahi kwamba amesikia, maana katika kijitabu kilichochapishwa na kamati jina langu limewekwa ukurasa wa mwisho, miongoni mwa "waliosaidia kwa namna moja au nyingine", chini ya ndugu aliyetuazima viti. Namjibu hapa hadharani, kwani najua wengi wenu mna hamu hiyohiyo.

Kamati ilitaka nianze na jengo, kisha orodha ya wenyeviti pamoja na picha zao. Nilikataa, na mpaka leo nashikilia kwamba kituo ni watu waliokitumia na mambo waliyoyafanya humo, ambayo mara nyingi hayakuwa yale yaliyokusudiwa na mjenzi. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ilijenga vituo vya ustawi katika miji ya Tanganyika, ikiwafikiria kwanza askari waliorudi vitani, ili wapate pa kusomea na kuburudikia. Ukumbi wa Arnautoglo wa Dar es Salaam nao ulikuwa wa ustawi na burudani, lakini ndimo Julius Nyerere alimochaguliwa kuwa rais wa chama cha TAA (Tanganyika African Association) mwezi Aprili 1953, mwaka mmoja kabla ya TANU kuzaliwa. Anayeandika habari za ukumbi kama huo akaishia kwa aliyetoa fedha na aliyekata utepe, atakuwa ameandika nini? Hata Hull House, nyumba ya huduma za jamii ya Chicago huko Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1889 na Jane Addams na Ellen Gates Starr, ilipochapisha kitabu chake mwaka 1895 haikujisifia kuta. Wakazi wake walichora ramani za nyumba za majirani, zikionyesha asili ya watu na mishahara yao.

Kazi kubwa ni tarehe. Mzee ukimuuliza kituo kilianza kufundisha ushonaji mwaka gani, atakutajia mwaka wowote ili asikuvunje moyo, na wewe utauandika kwa furaha. Mimi niliacha kabisa kuuliza miaka. Bibi mmoja wa Barabara ya 12, ambaye alipika katika kila shughuli ya kituo na ambaye kamati haikumfikiria hata kidogo, aliniambia: "Mwanangu, mwaka siujui, ila tulikuwa tunakula unga wa yanga." Sasa unga huo wa mahindi ya njano haukuliwa mara moja tu, ulikuwapo katika njaa ya miaka ya 1970 na ukarudi tena miaka ya 1980. Nikamuuliza habari za mwanawe aliyepigana vita vya Kagera, vilivyoanza 1978, kama wakati ule alikuwa ameshakwenda au ameshakwisha rudi. Akacheka, akasema mtoto alikuwa bado wa kutumwa dukani. Basi cherehani ziliingia kituoni kabla ya 1978, na mwenyekiti aliyejipa sifa ya kuzileta alishika madaraka miaka mingi baadaye. Pengine hapo ndipo uadui wetu ulipoanzia.

Kwa njia hiyohiyo niliyapanga mengine: masomo ya ngumbaru niliyafungamanisha na 1970, mwaka uliotangazwa kuwa wa elimu ya watu wazima, na kwa vijana wa zamani wa mpira nilitumia 1988, Coastal Union ilipotwaa ubingwa wa Bara, kwa sababu hakuna mtu wa Tanga wa rika hilo asiyekumbuka alikuwa wapi.

Habari za faili sitazirefusha. Katika mpango wa madaraka mikoani uliotangazwa mwaka 1972, halmashauri za miji zilifutwa, nazo hazikurudishwa mpaka 1978, hivyo usishangae ukikuta daftari la mihtasari linakatika katikati na hakuna anayejua lilikoendelea. Waulize kinamama. Nimeshasema, lakini narudia: waulize kinamama kabla ya viongozi, kwa sababu kiongozi hukumbuka hotuba yake, na mpishi hukumbuka waliokuja, idadi ya masufuria na nani hakulipa.

Na sasa nizungumze na ninyi wenye haraka ya kuchapisha. Mnataka jina kabla ya kazi, mnapiga picha ya jengo, mnanakili maneno ya mwenyekiti na kuiita historia. Mtaa unawaazima kumbukumbu zake nanyi mnazirudisha zikiwa na pengo. Bibi yule amefariki bila kuliona jina lake likichapishwa, kwa kuwa kamati iliondoa ukurasa wake ili kupata nafasi ya salamu za mgeni rasmi. Ukurasa huo ninao mimi, kwa mkono wangu, na yeyote anayeutaka aje nimpe.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Pongwe, andika nakala tatu kabla hujamkabidhi mtu yeyote: moja ya ofisi ya serikali ya mtaa, moja ya maktaba, na moja ya kubaki nyumbani kwako. Kila ukurasa utie jina lako na jina la aliyekusimulia, kwa wino.