Ziro Yangu Ilianza Kidato cha Kwanza

Juzi nilipata ujumbe wa mama mmoja wa Tandahimba, huku kwetu Mtwara: "Mwalimu, mwanangu kapata ziro kidato cha nne. Baba yake anasema akapalilie mikorosho, hela isipotee tena. Nifanyeje?" Nimeusoma mara tatu. Mama yangu angeandika hivyo hivyo, kama angekuwa na simu.

Mimi nilifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2012. Mnaokumbuka mnakumbuka. Matokeo yalipotoka Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima walikuwa na ziro, yaani wamefeli kabisa. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, matokeo yakafutwa, yakapangwa upya. Mtwara nzima mwaka ule ilikuwa inazungumzia bomba la gesi, mimi nasubiri matokeo mapya ya Mei. Mei ikafika. Wenzangu kadhaa wakapanda hadi daraja la nne. Mimi serikali ilinikalia kikao kizima, na bado nikabaki na ziro yangu.

Kwa muda mrefu nilisingizia korosho. Mtihani wetu ulikuwa Oktoba, na Oktoba kwetu ni msimu wa korosho. Nilikuwa naingia kwenye pepa na shati lenye madoa ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, na doa la bibo mnalijua, halitoki. Kisingizio kizuri kabisa. Lakini mikorosho haikunifelisha.

Miaka saba ya msingi nilisoma kwa Kiswahili na nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono darasani. Kidato cha kwanza akaingia mwalimu wa Baiolojia, akaongea Kiingereza dakika themanini, nikaambulia "okay" tu. Nikanakili. Nikanakili miaka minne! Daftari langu lilikuwa safi hata likapitishwa darasani kama mfano, na mwenye daftari haelewi hata ukurasa mmoja. Mwalimu mwingine alinisimamisha mbele ya wenzangu akasema mimi saizi yangu ni kupuliza salfa, dawa ya mikorosho. Na huyo huyo akitaka tumwelewe alikuwa anafunga mlango na kufundisha kwa Kiswahili. Sijasahau.

Mwaka niliokwenda kupuliza salfa nauruka, hauna hadithi. Nilipoamua kurisiti, yaani kurudia mtihani, sikuanza na mada za kidato cha nne. Niliazima daftari la kidato cha kwanza la mdogo wangu. Neno la Kiingereza kushoto, la Kiswahili kulia, maneno kumi kwa siku, usiku, tochi ya simu ya kuazima. Ndipo nikajua kwamba swali likisema "explain" halitaki orodha. Miaka minne nilikuwa natoa orodha! Vitu vingine nilikuwa navijua tangu darasa la sita, ila sikuvitambua walipovivalisha Kiingereza.

Novemba 2014 nikafanya kama mtahiniwa wa kujitegemea. C nne. Siku ya matokeo nilipita mbele ya nyumba ya yule mwalimu makusudi, mara mbili. Kumbe alishahamishwa.

Sasa wazazi wenzangu, nisikilizeni. Tangu 2016 ada imeondolewa hadi kidato cha nne, nasi tukaona kazi imekwisha, tumebaki na sare na madaftari. Sivyo. Fungua daftari la mtoto. Mwambie asome mstari mmoja akueleze kwa Kiswahili, au kwa Kimakonde, lugha yoyote. Huhitaji kujua Kiingereza kuona kwamba mtoto anababaika. Akibabaika kidato cha kwanza, hapo ndipo pa kushika. Narudia, daftari. Na nyie vijana mnaonisoma, acheni kujificha nyuma ya msimu, mimi nilijificha humo na najua kuna nafasi ya watu wengi.

Mama wa Tandahimba, mwambie baba yake palizi ingoje kidogo. Mtume kijana Jumamosi. Aje na daftari la kidato cha kwanza, la nne aliache nyumbani.