Chuo cha Kanisa kipi? Majibu kwa wazazi wa kidato cha sita

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, barua zangu hubadilika ghafla. Habari za ndoa na viwanja hukaa pembeni, kila mtu anauliza vyuo. Safari hii wengi wameuliza vyuo vikuu vya Kanisa Katoliki, kwa hiyo nimeyaweka pamoja maswali yanayofanana na kuyafupisha.

Binti yetu amemaliza HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) na matokeo yake si mabaya. Mezani tuna SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino), Ruaha, Mwenge na Jordan. Paroko anasema vyote ni vyetu, malezi ni yale yale. Basi tuchague chenye ada nafuu? — Mama, Tabata

Kwenye malezi sibishani na paroko, mama. Ila mwajiri haulizi malezi peke yake, na vyuo hivyo vinne havikuzaliwa siku moja wala kwa kazi moja.

SAUT ya Malimbe, Mwanza, ni ya Baraza la Maaskofu. Imekuwa chuo kikuu mwaka 1998, lakini mzizi wake ni chuo cha mafunzo ya jamii cha Nyegezi ambacho Askofu Joseph Blomjous alikianzisha mwaka 1960. Kilifundisha uandishi wa habari, ndiyo maana ukiingia vyumba vya habari vya hapa Dar hukosi mtu wa "Nyegezi". Mwenge ya Moshi ilianza kama chuo cha kuandaa walimu, na hata baada ya kuwa chuo kikuu kamili ualimu umebaki uti wa mgongo wake. Ruaha, pale Iringa, imejijengea jina kwenye sheria. Jordan ya Morogoro ni ya shirika la Wasalvatoriani, ilianza kwa falsafa na teolojia ya waseminari, kozi za walei zikaja baadaye.

Kwa hiyo kabla ya kufungua ukurasa wa ada, mkalishe binti umuulize anataka kuamka asubuhi aende kazi gani. Akisema sheria, mimi ningeitazama Ruaha kwanza. Lakini mjue kwamba wahitimu wote wa sheria wanaotaka uwakili, wa chuo cha serikali na cha binafsi, hukutana tena hapa hapa Dar, Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, Barabara ya Sam Nujoma. Pale jina la chuo halimbebi mtu. Basi ulizeni: wahadhiri wa kudumu wapo wangapi na wa kuazima wangapi? Wanafunzi wanafanya mahakama za mazoezi au wanasoma makaratasi tu? Maktaba inafungwa saa ngapi? Swali la mwisho linaonekana dogo, lakini mpigie mwanafunzi wa mwaka wa pili umsikie atakavyocheka au atakavyosifu. Nyie waulizeni wanafunzi, msiishie kwa ofisa udahili. Huyo kazi yake ni kuwavutia.

Akisema ualimu, ulizeni mazoezi ya kufundisha yanasimamiwaje, nani anakwenda shuleni kumkagua mwanafunzi na mara ngapi. Siku hizi walimu nao wanaitwa kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira, cheti peke yake hakimfikishi mtu darasani.

Ada ije baada ya hapo. Na msisome namba moja ya juu tu. Someni karatasi nzima ya ada mpaka chini: usajili, mitihani, bima, kitambulisho, hosteli. Chuo chenye ada ndogo huweza kuwa na michango mirefu.

Sisi ni Waislamu. Kijana amechaguliwa udaktari Bugando. Ndugu wananiambia nimempeleka akabatizwe. — Baba, Temeke

Mzee wangu, hongera! Nafasi ya udaktari kuna watu wanaililia. Ndugu zako waulize, wakiumwa Mwanza wanapelekwa wapi? Bugando ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa tangu 1971, na chuo chake cha tiba kimeota pale pale wodini. Dini si sharti la udahili. Kinachoangaliwa ni Fizikia, Kemia na Baiolojia.

La kuuliza ni la kawaida: ratiba ya Ijumaa ikoje, mavazi je, msikiti wa karibu uko wapi. Mtafute mwanafunzi Mwislamu aliyeko kule, wapo, akwambie ukweli wake. Halafu jiandae kifedha, maana ni miaka mitano darasani na wodini, na mmoja wa mazoezi kabla ya kusajiliwa kamili na Baraza la Madaktari. Hilo ndilo la kukukosesha usingizi.

Je, St. John's ya Dodoma nayo ni ya Wakatoliki? Mwanangu ameiweka namba moja. — Mama, Ukonga

Hapana, ni ya Kanisa Anglikana. Makumira ya Arusha nayo ni ya Walutheri. Neno "St." mbele ya jina lisikuchanganye. Kama kozi ni nzuri, sioni sababu ya kuitoa namba moja.

Mtoto wa kike, miaka 18, sitaki aende mbali. Si bora asome hapa hapa Dar, St. Joseph au tawi la SAUT, alale nyumbani? — Mama, Kigamboni

Nakuelewa, lakini hesabu njia kwanza. St. Joseph iko Luguruni, ng'ambo ya Mbezi kuelekea Kibamba. Kutoka Kigamboni ni kivuko au daraja, kisha Kariakoo au Gerezani, kisha Barabara ya Morogoro yote. Kipindi cha saa mbili asubuhi kinamtaka atoke giza, na jioni anarudi amechoka, anakuta vyombo kwenye karai vinamsubiri. Binti anayelala nyumbani mara nyingi huhesabiwa kuwa "yupo", hata kama kesho ana mtihani. Safari ya Morogoro kwa treni ya SGR haichukui hata saa mbili. Akipanga hosteli Jordan, huenda akawa karibu na masomo yake kuliko akiwa chumbani kwako.

Kama bado unataka Dar, sawa, ila fungua mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) utazame kozi yenyewe kwenye kituo chenyewe. SAUT kuwa na kozi Mwanza hakumaanishi kozi hiyo inafundishwa Dar. Kila kozi na kila kituo vina idhini yake. Mwaka 2016 TCU ilifuta matawi ya chuo kimoja binafsi kule Songea, wanafunzi wakasambazwa vyuo vingine katikati ya safari. Dakika kumi za kusoma mwongozo zinakuepusha na hilo.

Nimeambiwa vyuo binafsi havina mkopo wa serikali. Nina uwezo wa nusu ya ada tu. — Baba, Mbagala

Umedanganywa. Bodi ya Mikopo inawakopesha pia wanafunzi wa vyuo binafsi, mradi chuo na kozi vinatambuliwa. Ila usihesabu mkopo kama fedha iliyokwisha ingia mfukoni. Bodi hupima uwezo wa familia, na inaweza kulipa sehemu tu ya ada. Inayobaki ni yako. Fedha ya chakula na malazi, ambayo wenyewe wanaiita boom, tangu 2022 ni shilingi 10,000 kwa siku, na huja kwa mafungu, si kila asubuhi. Kijana anayefungua akaunti na kununua simu mpya wiki hiyo hiyo, nadhani umewahi kumwona.

Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, mapema, msisubiri wiki ya mwisho mtandao ukiwa umelemewa. Na mwambie kijana mapema: hilo ni deni, akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Wengi hulijua hilo siku ya salari slipu ya kwanza.

Shikamoo. Nimerudi JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) nimekuta baba ameniombea ualimu, kajaziwa steshenari. Nimechaguliwa. Mimi nataka uhasibu. Nikikataa nitaonekana sina adabu? — Msichana, 19, Kimara

Marahaba mwanangu. Kutokuafiki si utovu wa adabu, inategemea unavyolisema na nani anakusindikiza. Usianze mwenyewe saa ya chakula. Mtafute shangazi au baba mdogo ambaye baba yako humsikiliza, umweleze umepima nini: pointi zako, chuo kinachofundisha uhasibu, ada yake, na mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, inayokuja baada ya digrii. Baba akiona hesabu, huenda akaona kumbe si ubishi. Naye umsikilize, labda ana sababu ambayo hajaisema, hasa ya fedha.

Wakati huo huo, fanya haraka jambo moja. Uende kwenye ile steshenari uchukue barua pepe, jina la kuingilia na nenosiri la akaunti ya maombi, uvibadilishe. Vijana wa steshenari hupenda kuweka namba zao za simu ili kazi iende. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, namba ya siri ya kuthibitisha hutumwa kwenye namba iliyoandikwa kwenye fomu. Aliyeishika ndiye anayechagua. Usithibitishe chochote mpaka mmeongea, lakini pia usipitishe tarehe ya mwisho ya TCU. Kama hamtaafikiana, tazama kama dirisha linalofuata la udahili litafunguliwa, uombe uhasibu humo kwa mkono wako mwenyewe.